Mchele, Samli na Mstari wa Hashil

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
2 Oktoba 1935

Mwalimu wangu Anaeli,

Shikamoo. Naomba Mungu mguu uwe unaunga. Habari za kuanguka kwako zimefika hapa zimetiwa chumvi nyingi: wengine wanasema ulianguka ukimkimbiza ng'ombe, wengine wanasema ng'ombe ndiye aliyekukimbiza wewe. Mimi nakutetea kila mahali.

Sasa Mwalimu, nina jambo la kufa na kupona. Unamjua Mzee Nasor, mwenye duka la jumla la mchele na samli nyuma ya soko. Ana binti, jina lake Thuraya. Nimepeleka posa. Mzee hakukubali, hakukataa. Mwezi uliopita bwana mmoja wa kampuni alimjia na karatasi ya mistari, eti inaonyesha bei ya mchele inavyopanda na kushuka. Mzee akatikisa kichwa kama aliyeelewa, akatia saini, na mpaka leo hajui alitia saini kitu gani. Tangu siku hiyo ameapa kwamba binti yake ataolewa na mtu mwenye cheti, anayejua kuchora mistari hiyo. Jibu la posa atalitoa siku ya Idi.

Na sipo peke yangu. Kuna Hamis, karani, anayetembea na kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Yeye anasema mistari ameijua tangu utotoni.

Shule yetu ya jioni imefungwa hadi urudi, na ulikuwa hujatufikisha kwenye michoro. Cheti unatoa wewe. Nakuomba, tena nakupigia magoti, nifundishe kwa barua. Nampenda Thuraya, Mwalimu. Nakuambia wazi kwa kuwa uko mbali na huwezi kunicheka usoni.

Mimi mwanafunzi wako,
Hashil bin Abdulla, muuza kamba na taa


Machame, Kilimanjaro.
14 Oktoba 1935

Hashil,

Marahaba. Mguu unauma. Ng'ombe alikuwa wa jirani, na hakunikimbiza. Tulikuwa tunaelekea upande mmoja.

Nitakufundisha, lakini tuelewane mapema. Cheti kina saini yangu. Sijapata kumpa mtu cheti kwa sababu anapenda, na sitaanza na wewe.

Haya, somo. Gari la punda linabeba mzigo wa sehemu 12, halizidishi. Gunia moja la mchele ni sehemu 3. Debe moja la samli ni sehemu 2. Magunia tuyaite x, madebe tuyaite y. Gari likijaa barabara, basi:

3x + 2y = 12

Mlinganyo wa namna hii ukiuchora unatoa mstari ulionyooka. Na mstari ulionyooka unahitaji nukta mbili tu, kazi iliyobaki inafanywa na rula. Nukta rahisi kuliko zote ni zile mstari unapokata mihimili. Kwanza sema hakuna mchele kabisa: mahali pa x weka sifuri, utafute y. Kisha sema hakuna samli kabisa: mahali pa y weka sifuri, utafute x.

Kwenye karatasi ya miraba, mhimili wa mchele unalala, mhimili wa samli unasimama. Inakutana kwenye kona, mwanzo wa karatasi. Kutoka kwenye kona hiyo unahesabu mchele kwenda mbele na samli kwenda juu. Tia nukta zako, unganisha, niletee.

Mwalimu wako,
Anaeli


Kariakoo,
25 Oktoba 1935

Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma dukani, nimeisoma nyumbani, dada yangu Badriya akaniomba naye aisome, sijui kwa nini. Nimeelewa kila kitu isipokuwa mteja. Nionyeshe, Mwalimu, mtu wa Kariakoo anayeagiza gari zima la samli bila hata punje ya mchele. Anakwenda kuogea? Nimemwuliza jirani yangu, akasema huenda ana ugomvi na mkewe.

Lakini amri ni amri. Mchele nikaufanya sifuri: 2y ni 12, madebe sita. Samli nikaifanya sifuri: 3x ni 12, magunia manne. Nimeanza mwanzo wa karatasi kama ulivyosema, nikahesabu kwenda mbele minne, kwenda juu sita, nikapiga rula. Namba sikuziandika, kwa kuwa miraba inahesabika. Mstari umenyooka wallahi, nimeutazama mpaka nikaona fahari. Mchoro huo hapo ndani.

Na kuna kifurushi kidogo cha halua. Si kitu, ni halua tu.

Hashil


Machame,
6 Novemba 1935

Hashil,

Marahaba. Sifuri.

Namba ulizozipata ni sahihi, nne na sita. Sasa nieleze, mtu mwenye namba sahihi anawezaje kuchora uongo? Mhimili wa samli umeusimamisha mwisho wa karatasi badala ya mwanzo. Na mstari wako nikiufuata kutoka mwanzo kwenda mbele, unapanda! Unajua maana yake? Kila likiongezwa gunia la mchele, na samli nayo inaongezeka. Hashil, punda atakufa. Mstari sahihi unashuka: mchele ukizidi, samli inapungua, ndipo gari linabaki na mzigo uleule.

Wewe hukuenda mbele. Ulirudi nyuma.

Kuhusu halua: mke wangu Severa na majirani waliimaliza kabla sijafika kwenye ile sentensi yako ya "si kitu". Mimi sikuionja. Naona hiyo ilikuwa rushwa, na imeliwa na wasiokuwa na uwezo wa kukusaidia.

Swali la mtihani ni hili. Rukwama ya kusukuma inatoka Feri kwenda sokoni, inabeba sehemu 20. Pakacha la nazi ni sehemu 2, tenga la samaki ni sehemu 5. Yaani 2x + 5y = 20. Chora kwa kutafuta mahali mstari unapokata mihimili. Mchoro ukiwa sahihi, cheti chako. Ukiwa kama huu, hakuna cheti.

Anaeli


Kariakoo,
16 Novemba 1935

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Sifuri yako niliipata nikiwa na wateja. Nikawaambia ni habari ya msiba.

Mwalimu, naomba radhi kabla sijasema. Siku ile ulipoanguka, miwani yako ilinusurika? Naapa mhimili wa samli nimeusimamisha mwanzo wa karatasi, mwanzo kabisa, pale pale ambapo mtu yeyote mwenye akili yake anaanzia. Na mstari wangu unashuka. Nakala niliyobaki nayo nimemwonyesha muuza kahawa, hajui kusoma hata jina lake, akasema, "Huu unashuka." Sasa kama unapanda ukifika Kilimanjaro, labda ni ule mlima.

Mtihani huu hapa. Nazi sifuri, matenga manne. Samaki sifuri, mapakacha kumi. Nimechora polepole nimeshika pumzi. Nimekwenda mbele, Mwalimu. Sikurudi nyuma hata mraba mmoja.

Nakusihi uharakishe. Kabla ya wiki mbili kwisha mwezi wa kufunga utakuwa umeingia, na Hamis ameshampelekea Mzee Nasor cheti chake cha ukarani kimetiwa kwenye fremu. Thuraya sijamwona hata kivuli. Usiku silali, mchana nauza kamba futi mbili pungufu kwa sababu akili haipo, watu wanarudi kunitukana.

Hashil


Machame,
27 Novemba 1935

Hashil,

Miwani ni mizima.

Mchoro wako wa mtihani umekosewa vilevile. Rukwama yako inaongezewa nazi na samaki kwa pamoja hadi ipasuke magurudumu. Siwezi kutoa cheti. Nimeutazama mchoro mara nyingi kuliko ilivyonipasa, maana nilitaka uwe sahihi. Sina la kufanya. Pole sana, mwanangu.

Anaeli


Kariakoo,
6 Desemba 1935

Kwa Mwalimu Anaeli,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ndiye Thuraya binti Nasor, ninayegombaniwa kwa miraba.

Nakuandikia kwa herufi tulizofundishwa chuoni kwa maalimu wa Kurani, maana za kwenu nazisoma kwa kubabaisha. Tafuta mtu akusomee, lakini awe msiri, asiwe mropokaji.

Barua zako zote nimezisoma. Badriya dada yake Hashil ni shoga yangu, huniletea ndani ya kikapu chini ya mchicha. Hashil hajui, na nakuomba asijue. Barua yako ya mwisho Badriya aliileta analia. Hashil amefunga duka mchana kweupe, kakaa chini, hata futari hataki.

Basi nikaona haiwezekani. Nikamwambia Badriya kaa chumba kile, mimi nikae hiki, kila mtu amchore punda wako peke yake, tusiibiane. Tukafanya. Tukaleta michoro, tukaiweka pamoja na nakala ya Hashil. Yote mitatu ni mamoja! Punda wetu hafi, Mwalimu. Mwanzo wa karatasi ana madebe sita ya samli na mchele hana. Ukienda mbele magunia mawili, samli imeshuka madebe matatu. Ukifika gunia la nne, samli imekwisha. Kosa liko wapi? Ama Kariakoo nzima hatuna akili, ama wewe kuna kitu hukioni. Mchoro wangu huu hapa, uutazame vizuri.

Hamis nimemchungulia dirishani. Alikuwa anajitazama kwenye kioo cha fremu ya cheti chake.

Mimi namtaka Hashil. Sijamwambia mtu, nakuambia wewe nisiyekujua. Tangu tuko wadogo mtaa huu akinipita hujikwaa, na hajawahi kusingizia jiwe. Sitaki umpe cheti cha huruma, baba yangu atakigundua. Nataka utazame tena tu.

Thuraya


Machame,
15 Desemba 1935

Hashil, mwanangu,

Keti chini kwanza.

Kuna barua imenifikia kutoka Kariakoo. Ya nani, si kazi yako. Ilikuwa kwa herufi nisizozijua, nikajikongoja na magongo hadi sokoni kwa Mzee Ramadhan, anayeuza chumvi na vitambaa. Nilimwomba asome kwa siri. Sikujua kwamba Mzee Ramadhan sauti yake ya siri inasikika hadi kwa wauza ndizi. Kufikia katikati soko lilikuwa limesimama, na mama mmoja alikuwa anafuta machozi kwa kanga. Usiniulize.

Lakini kabla hajaanza kusoma, aliweka kidole kwenye ukingo wa kulia wa karatasi. Nikamwambia, "Mzee Ramadhan, mbona unaanzia mwisho?" Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgonjwa. "Mwalimu," akasema, "huu ndio mwanzo."

Nilikaa juu ya gunia la chumvi, Hashil. Nilikaa muda mrefu hadi mwenye gunia akalitaka.

Wewe barua unaniandikia kwa herufi nilizokufundisha mimi, kutoka kushoto. Lakini karatasi ilipokuwa tupu, bila neno hata moja, mkono wako ulianzia pale ulipofundishwa chuoni ukiwa mtoto. Mwanzo wako ni kulia, mbele yako ni kushoto. Nami nimeandika "mwanzo" na "mbele" katika kila barua, wala sikufikiri kwamba dunia ina watu wenye mwanzo mwingine. Nimeitoa michoro yako, nikahesabu kutoka kulia. Punda mzima. Rukwama nzima. Hukukosea hata mraba mmoja, na mimi nilikutia sifuri na kukuambia umerudi nyuma. Nisamehe. Severa anasema nastahili kuanguka tena.

Cheti chako hiki hapa, na ni cha haki.

Ila jambo moja. Karatasi za kampuni zinaanzia kushoto, na hizo ndizo mkweo anazotaka zisomwe. Siku ya Idi, kona yako iweke kushoto, mchele uende kulia. Na uandike namba!

Anaeli


Kariakoo,
2 Januari 1936

Mwalimu wangu, baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Cheti kilifika siku mbili kabla ya Idi. Nilikibusu mbele ya tarishi, akaondoka haraka.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Idi, baada ya swala, tumekaa barazani kwa Mzee Nasor, wazee wamejaa, Hamis yuko pembeni na fremu yake magotini. Mzee akakishika cheti changu, akakigeuza, akasema, "Karatasi hii ni nzuri. Nichoree." Akanipa karatasi ya kufungia samli na penseli. Nikamweleza mzigo wa yule punda wetu, nikauchora kama ulivyoniagiza: kona kushoto, mchele kwenda kulia, namba nikaziandika. Mstari umenyooka.

Mzee akaweka kidole ukingo wa kulia. Akakivuta kidole polepole kuelekea kushoto, akifuata mstari. Akaguna.

"Unapanda," akasema. "Mchele unaongezeka, na samli inaongezeka. Kijana, punda utamuua."

Wazee wote wakasema, kweli, atakufa. Nikamwambia, "Mzee, wenye kampuni wanaanzia kushoto." Akasema, "Wao wana desturi zao. Mchele ni wangu. Huyu Hamis naye asubuhi kanichorea mzigo wa punda hivi hivi, na alipoulizwa akasema punda ni wa serikali, ana nguvu." Hamis akainamia fremu.

Lahaula! Mwalimu, kwako nilianzia kulia nikapata sifuri, kwa mkwe nimeanzia kushoto nakosa mke. Nilitaka kusema nichore tena, lakini nikaona nikigeuza nitaonekana nabahatisha. Mzee ameshaanza kukohoa kile kikohozi cha kuagana na wageni.

Hapo Badriya akatoka ndani, kainamisha kichwa, akasema wanatafuta karatasi ya kutandika sinia la vitumbua. Akaichukua ile yangu! Nikamtolea macho, hakunitazama. Punde sinia likaletwa, vitumbua vinachuruzika mafuta. Wazee wakala. Mimi sikumeza kitu. Mzee Nasor ana njaa ya mwezi mzima, hakuacha hata kimoja. Alipoinua cha mwisho, mkono ukabaki hewani.

Karatasi ilikuwa imetandikwa kifudifudi. Mafuta yameilowanisha, penseli inaonekana kwa nyuma. Na kona, Mwalimu, kona iko kulia. Mzee akaweka kidole kulia, akakivuta kushoto. Magunia mawili, madebe matatu. Akafika gunia la nne, samli imekwisha.

"Huu umechorwa na nani?" akauliza.

"Mimi, Mzee."

"Lini?"

"Sasa hivi, mbele yako."

Akaibandua karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akatazama mlango wa ndani, akaita, "Thuraya!"

"Abee, baba," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Punda huyu ni wa nani?"

"Wa Hashil, baba. Mimi nimemgeuza tu."

Mzee alicheka, Mwalimu. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Halafu akaitazama ile karatasi ya mafuta, akasema taratibu, "Wale wa kampuni walinionyesha karatasi yao nikajiona mjinga mbele ya watu. Kumbe nilikuwa naitazama kutoka upande wangu." Akanigeukia. "Haya. Mwenye cheti nimempata. Lakini hesabu za duka langu atazishika binti yangu. Wewe utapiga rula."

Nikasema nimekubali kabla hajamaliza. Nililia, Mwalimu, mbele ya wazee wote na mbele ya Hamis, wala sikuona haya. Nikah ni ndani ya mwezi huu huu wa Mfunguo Mosi. Uje hata kwa magongo, Severa naye aje. Halua safari hii utaila mwenyewe.

Mwanao,
Hashil


Kariakoo,
24 Januari 1936

Mwalimu Anaeli,

Shikamoo. Barua hii naandika kwa herufi zenu, nimejifunza katika barua zako, kwa hiyo kama mwandiko ni mbaya umejitakia. Naanzia kushoto, na kila mstari mkono unataka kukimbilia kulia, naurudisha kwa nguvu.

Tulikungoja harusini. Tukaambiwa umetupa magongo mapema ukaanguka tena. Mzee Ramadhan tumempelekea halua yake, na yule mama aliyefuta machozi pia.

Baba sasa haulizi bei ya mchele, anauliza "mstari unasemaje." Nimemchorea miezi yote, pande zote mbili za karatasi. Bwana wa kampuni alirudi juzi, baba akamwambia keti, binti yangu anakuja kukueleza.

Nataka kuendelea. Nasikia kuna mistari iliyopinda. Masomo uyatume kwenye duka la kamba na taa, kwa jina la mume wangu.

Neno hilo naliandika kwa mara ya kwanza. Herufi zimepinda hapo, usinikate alama.

Thuraya